Nani Ameshika Mpini? Intaneti ya Setilaiti Wakati wa Vita

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa mafundi wa mawasiliano, wanahabari, wanasheria na wahudumu wa misaada. Naiweka yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wenzangu, mliokaa na mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Naomba niwapeleke moja kwa moja kwenye alfajiri ya tarehe 24 Februari 2022. Imebaki kama saa moja majeshi ya Urusi yavuke mpaka kuingia Ukraine. Mizinga bado haijalia. Na katika saa hiyo ya ukimya, modemu zinaanza kufa. Si mbili wala tatu, ni makumi ya maelfu. Zote ni za wateja wa KA-SAT, setilaiti ya kampuni ya Viasat ya Marekani, iliyokuwa ikiuza intaneti sehemu kubwa ya Ulaya, na ambayo jeshi la Ukraine pia lilikuwa likiitumia. Umeme upo, nyaya ziko mahali pake, dishi linatazama angani kama lilivyotazama jana. Ila ndani ya modemu kumbukumbu yote imefutwa. Kimebaki kiboksi.

Setilaiti yenyewe haikuguswa. Naomba mlishike hilo. Hakuna kombora lililopaa. Wadukuzi walipitia mlango uliokuwa umewekwa vibaya katika mfumo wa usimamizi ulio huku chini ardhini, wakasogea hadi pale mafundi wanapotolea amri, kisha wakatoa amri zao wenyewe zikiwa na sura ya amri halali. Modemu zikatii, maana modemu hutii. Ndiyo kazi yake. Tarehe 10 Mei mwaka huohuo Umoja wa Ulaya, Marekani na Uingereza zilitamka wazi kwamba mhusika ni Urusi.

Sasa mniambie: nani aliumia asubuhi ile?

Waukraine waliumia, ndiyo. Lakini Ujerumani, nchi ambayo haikuwa vitani, mitambo ya upepo 5,800 ya kampuni ya Enercon ilikatika mawasiliano na wanaoiongoza. Mapanga yaliendelea kuzunguka na umeme ukaendelea kutoka, ila fundi aliyekaa ofisini hakuweza tena kuuona mtambo wake wala kuuamrisha. Ufaransa, maelfu ya wateja wa kawaida, wengi wao watu wa vijijini ambako waya haufiki, walibaki bila intaneti. Viasat ikalazimika kupeleka modemu mpya karibu 30,000. Mtu wa kijijini Ufaransa hakuwa na ugomvi na yeyote. Alikuwa tu akichota maji katika kisima kimoja na jeshi.

Kisima kimoja. Hiyo ndiyo hofu iliyonileta hapa leo. Na kisima hicho kina mwenyewe, na mwenyewe hakuchaguliwa na wanaokunywa.

Tuendelee na kisa hichohicho. Siku mbili baadaye, tarehe 26 Februari, Mykhailo Fedorov, aliyekuwa naibu waziri mkuu wa Ukraine na waziri wa mageuzi ya kidijitali, alimwandikia Elon Musk, mwenye kampuni ya SpaceX, hadharani kwenye Twitter akiomba huduma ya Starlink, intaneti ya setilaiti ya kampuni hiyo. Saa chache baadaye akajibiwa kwamba huduma imeshawashwa. Tarehe 28 shehena ya kwanza ya madishi ikawa imefika. Mimi ni fundi. Nimewahi kusubiri kibali cha masafa kwa miezi, nikiwa na barua zote na mihuri yote. Siku mbili! Ukisikia hivyo unaelewa kwa nini dunia ilipiga makofi.

Na lazima tuseme haki: madishi yale yaliokoa watu. Kherson ilipokombolewa Novemba 2022, umeme haukuwapo na minara ya simu ilikuwa imeharibiwa. Watu walikusanyika uwanjani, wakalizunguka dishi, wakawapigia ndugu zao kuwaambia kwamba wako hai. Mtu asije kwenu akawaambia kwamba teknolojia hii ni laana. Anayesema hivyo hajawahi kukaa siku kumi bila kujua kama mama yake yuko hai.

Lakini dishi lilelile lililobeba sauti ya mama lilibeba pia picha za droni, amri za makamanda, na mahesabu ya mizinga. Madishi yakazidi kumiminika, yakapita 40,000. Jeshi zima likazoea. Na kitu ukishakizoea vitani, hukiiti tena msaada. Kinakuwa mguu wako.

Sasa njooni Septemba 2022. Waukraine wanaandaa boti zisizo na nahodha, zenye mabomu, kwenda kuzipiga meli za kivita za Urusi kule Sevastopol, Crimea. Boti zile zinaongozwa kwa Starlink. Musk mwenyewe alieleza mwaka uliofuata kwamba huduma haikuwa imewashwa eneo hilo, kwamba aliombwa kwa dharura aiwashe hadi Sevastopol, na kwamba alikataa, kwa sababu aliona kampuni yake ingekuwa mshiriki wa moja kwa moja katika tendo kubwa la vita.

Nawaomba msikilize vizuri hapa, kwa sababu nikinukuliwa vibaya nitaumia. Sisemi alikosea. Inawezekana aliogopa jambo la kweli la kuogopwa. Ninachouliza ni kwa nini swali lile lilimfikia yeye. Meli za taifa moja zipigwe au zisipigwe, vita vipanuke au visipanuke: swali la uzito huo, kwa maelfu ya miaka, limekuwa likiamuliwa na mfalme, baraza, bunge au jemadari. Wengi wao waliamua vibaya, tunajua. Lakini palikuwa na mlango wa kugonga. Palikuwa na mtu wa kumwondoa. Mwenye kampuni unamwondoaje?

Waswahili tunasema fulani ameshika mpini, fulani ameshika makali. Anayelipia huduma anadhani ameshika mpini kwa kuwa risiti anayo. Siku amri inapotoka juu, anatazama kiganja na kukuta damu.

Hakukuwa na kisa kimoja tu. Februari 2023, Gwynne Shotwell, rais wa SpaceX, alisema hadharani kwamba Starlink haikukusudiwa kugeuzwa silaha, na kwamba kampuni imechukua hatua kuzuia isitumike kuongoza droni. Yaani kanuni ya uwanja wa vita ilibadilishwa na kampuni katikati ya vita, na askari aliyeko handakini akaigundua kwa droni yake kuanguka. Julai 2025 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba mwaka 2022, Waukraine walipokuwa wakisonga mbele kule Kherson, Musk aliagiza huduma ikatwe katika baadhi ya maeneo. Kampuni ilisema habari hiyo si sahihi. Sitaamua hapa nani mkweli. Ila angalieni jambo lenyewe: tunabishana kama mtu mmoja alizima au hakuzima mawasiliano ya jeshi, na hakuna kitabu cha kumbukumbu ambacho mimi au ninyi tunaweza kwenda kukifungua tukasoma.

Na pesa? Novemba 2022 CNN iliripoti kwamba madishi 1,300 ya jeshi la Ukraine, yaliyopatikana kupitia kampuni ya Uingereza, yalikatika mwezi Oktoba kwa sababu ya malipo. Kila dishi lilikuwa likitozwa dola 2,500 kwa mwezi. Hapakuwa na uhaini wala siasa. Bili haikulipwa, huduma ikakatwa, kama inavyokatwa kwa mteja yeyote. Tofauti ni kwamba mteja huyu alikuwa anapigwa mizinga.

Baadaye Pentagoni, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikaingia mkataba, Juni 2023, na nchi ya Poland ikabeba sehemu kubwa ya gharama, kama dola milioni 50 kwa mwaka. Mngedhani hapo mambo yangetulia. Machi 2025 Musk akaandika kwamba bila mfumo wake mstari wote wa mbele wa Ukraine ungeanguka, ingawa alisema pia kwamba hatauzima kamwe. Waziri wa mambo ya nje wa Poland, Radosław Sikorski, akajibu kwamba nchi yake ndiyo inayolipa, na kama mtoa huduma si wa kutegemewa itabidi watafute mwingine. Akaambiwa anyamaze. Waziri wa nchi inayolipa bili anaambiwa anyamaze! Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na huyu hata si ndugu, ni muuzaji.

Msidhani namwandama mtu mmoja. Machi hiyohiyo ya 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha kwa siku kadhaa ruhusa ya Ukraine kupata picha za setilaiti za kampuni ya Maxar kupitia mpango wa serikali hiyo. Safari hii mkono haukuwa wa mwenye kampuni. Ulikuwa wa nchi yake. Kampuni ina mwenye hisa, ina serikali iliyoipa leseni, ina mzabuni anayeirushia setilaiti, na kila mmoja wao ana kidole karibu na swichi. Waulizeni OneWeb, kampuni ya Uingereza ya intaneti ya setilaiti. Machi 2022 setilaiti zao 36 zilikuwa tayari juu ya roketi ya Urusi kule Baikonur, kituo cha kurushia roketi kilichoko Kazakhstan. Warusi wakadai dhamana kwamba hazitatumika kijeshi, wakadai pia serikali ya Uingereza iuze hisa zake. OneWeb ikakataa, urushaji ukafutwa, na setilaiti zikabaki mikononi mwa Warusi.

Na wakati mwingine hakuna mkono wowote. Tarehe 24 Julai 2025 Starlink ilizimika karibu dunia nzima kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Kampuni ilieleza kwamba programu za ndani zinazoendesha kiini cha mtandao zilishindwa kufanya kazi, ikaomba radhi. Kamanda wa kikosi cha droni cha Ukraine, Robert Brovdi, alisema huduma ilikatika mstari wote wa mbele. Saa mbili na nusu kwako na kwangu ni filamu iliyokatika katikati. Kwa majeruhi anayesubiri gari lielekezwe pa kupita, ni maisha.

Nisimame kidogo hapa, kwa sababu kuna kijana aliniambia mlangoni kwamba haya ni mambo mapya kabisa, ya zama za setilaiti. Mwanangu, si mapya. Alfajiri ya tarehe 5 Agosti 1914, saa chache baada ya Uingereza kuingia vitani, meli ya Waingereza iitwayo Alert ilikata mikongo ya simu ya Wajerumani iliyopita chini ya bahari. Tangu siku hiyo Ujerumani ikawa inapitisha maneno yake katika njia za watu wengine. Januari 1917 waziri wao wa mambo ya nje, Zimmermann, alipotuma simu ya maandishi ya siri kuihimiza Mexico iingie vitani dhidi ya Marekani, aliipitisha, fikirini, katika mkongo wa kidiplomasia wa Marekani wenyewe, na mkongo huo ulipitia Uingereza. Waingereza waliisoma. Aprili mwaka huo Marekani ikaingia vitani. Anayepita njia ya mwenzake husomwa, hucheleweshwa, au husimamishwa. Miaka zaidi ya mia moja imepita na somo bado lipo pale chini ya bahari.

Sasa nataka tuzungumze kuhusu sheria. Wanasheria mtanisamehe nikirahisisha.

Oktoba 2022, mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia upokonyaji silaha, mwakilishi wa Urusi Konstantin Vorontsov alisema kwamba miundombinu ya angani iliyo nusu ya kiraia, ikitumika vitani, inaweza kuwa shabaha halali ya kulipizwa kisasi. Watu walishtuka. Mimi nilishtuka pia. Lakini nilipokifungua Kifungu cha 52 cha Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya mwaka 1977, ile inayoongezea nguvu Mikataba ya Geneva, nilikuta kwamba kitu cha raia kinaweza kugeuka shabaha ya kijeshi kwa jinsi kinavyotumika, ikiwa matumizi hayo yanachangia kikweli vitendo vya kijeshi na kukiharibu kunaleta faida dhahiri ya kijeshi. Sheria haiulizi kampuni imesajiliwa kama nini. Inauliza kifaa kinafanya nini saa hii.

Mnaelewa maana yake? Maana yake dishi lililo juu ya paa la zahanati, kama usiku linaongoza droni, usiku huo limepoteza kinga yake. Zahanati yenyewe, wauguzi na wagonjwa, bado wanalindwa, na mshambuliaji bado anatakiwa kupima madhara na kuchukua tahadhari. Kifungu cha 57 kinamlazimisha. Lakini nani anapima vizuri saa nane za usiku?

Na kuna jambo ambalo sisi mafundi tunalijua, tunasahau kuwaambia wengine. Dishi la intaneti si kama dishi la televisheni. La televisheni linapokea tu. La intaneti linapokea na kutuma. Kila linapotuma, linapiga mbiu angani. Mwenye kifaa cha kusikiliza, akiwa mahali panapofaa, anaweza kujua mbiu imetoka wapi.

Dzhokhar Dudayev, kiongozi wa Chechnya, aliuawa tarehe 21 Aprili 1996 akiwa katika mazungumzo kwa simu ya setilaiti. Warusi walikuwa wameyafuata mawimbi ya simu ile. Yule alikuwa kiongozi wa wapiganaji, mtasema. Haya, Marie Colvin je? Mwandishi wa gazeti. Februari 2012 alikuwa Homs, Syria, akieleza ulimwengu jinsi mji ulivyokuwa ukipigwa. Tarehe 22 nyumba waliyoifanya kituo cha wanahabari ikashambuliwa, akafa pamoja na mpigapicha Mfaransa Rémi Ochlik. Mahakama ya Marekani iliamua mwaka 2019 kwamba serikali ya Syria ndiyo iliyohusika, na kwamba shambulio lile lilipangwa. Ushahidi uliofikishwa mahakamani ulieleza jinsi mawasiliano yao ya setilaiti yalivyofuatiliwa, pamoja na taarifa za mpasha habari aliyewaona.

Nawaangalia ninyi wanahabari mliokaa safu ya mbele. Nawaangalia kwa sababu najua wangapi kati yenu mna dishi ndani ya begi.

Sudan ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko kwingine kote. Vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023. Mwanzoni mwa Februari 2024 mitandao mikubwa ya simu ikazimika karibu nchi nzima, na lawama nyingi zikaelekezwa kwa wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan. Kule watu walikuwa wakitumiana pesa kwa simu, kwa programu ya benki iitwayo Bankak, na majiko ya jamii, yale yanayopikia maelfu ya watu bure, yalikuwa yakiendeshwa kwa michango inayoingia kwa njia hiyo. Mtandao ulipokatika, pesa haikuingia. Pesa isipoingia, sufuria haipandi motoni. Mengi yalisimama kupika. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo uhusiano kati ya mtandao na chakula ulionekana wazi namna ile.

Kilichoziba pengo ni madishi ya Starlink yaliyoingizwa kwa njia za panya. Na nani aliyeyashika? Mahali pengi, wenye bunduki. Mtu anakwenda anakaa kibarazani mwao, anawalipa, anaruhusiwa kuunganisha simu kwa muda, anatuma ujumbe kwa mwanawe. Mpiganaji na mjane wanatumia dishi moja, na ufunguo ni wa mpiganaji.

Halafu Aprili 2024 kampuni ikatoa notisi kwamba wanaoitumia huduma katika nchi ambazo haijapewa leseni, Sudan ikiwemo, watakatiwa mwisho wa mwezi. Mashirika karibu 100 yalitoa tamko kuomba isifanyike hivyo. Fikirini ugumu wake. Ukikata, unamnyima RSF mawasiliano ya vita, na serikali ya Sudan ilikuwa inalalamika kwamba RSF wanayatumia madishi hayo. Ukikata, jiko linazimika. Hakuna swichi ya mpiganaji na swichi ya mjane. Ni moja. Mtu akiniuliza hatari ya intaneti ya kibiashara vitani iko wapi, simwonyeshi kombora. Namwonyesha kibaraza kile.

Ya angani nitayapitia haraka, ingawa najua baadhi yenu mlikuja kwa ajili yake. Novemba 2021 Urusi iliipiga kwa kombora setilaiti yake yenyewe iliyokufa, Kosmos 1408, vikapatikana vipande zaidi ya 1,500 vinavyoweza kufuatiliwa, na wanaanga wa kituo cha kimataifa, wakiwemo Warusi, wakakimbilia katika vyombo vyao vya kurudi nyumbani. Kipande hakijui bendera. Lakini kupiga maelfu ya setilaiti ndogo moja moja ni kazi isiyokwisha, kwa hiyo hofu kubwa zaidi ni bomu la nyuklia huko juu. Hili nalo limeshaonekana. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la megatani 1.4 kwenye kimo cha kilomita 400 juu ya Pasifiki, jaribio la Starfish Prime. Baadhi ya taa za barabarani Hawaii, umbali wa zaidi ya kilomita 1,400, zilizimika. Kesho yake ikarushwa Telstar 1, setilaiti ya mawasiliano ya kampuni binafsi, AT&T. Ilipita katika mionzi iliyoachwa na majaribio ya nyuklia, na kufikia Februari 1963 ilikuwa imekufa. Hakuna aliyeilenga. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia kwenye mzingo. Aprili 2024 Marekani na Japani zilipeleka azimio Baraza la Usalama kulithibitisha katazo hilo, nchi 13 zikaunga mkono, China haikupiga upande wowote, Urusi ikapiga kura ya turufu.

Basi tufanye nini?

Mkataba huohuo wa 1967, Kifungu cha 6, unasema nchi inawajibika kimataifa kwa shughuli za angani za kampuni zake binafsi, na lazima izipe kibali na kuzisimamia muda wote. Neno lipo, zaidi ya miaka hamsini sasa. Serikali inayotoa leseni haiwezi kukaa pembeni ikasema hayo ni mambo ya kampuni. Wanasheria, hapo ndipo pa kushika. Dai kwamba amri yoyote ya kuzima au kuwasha huduma katika eneo la vita iandikwe, iwe na saini, na pawepo chombo cha kuikagua. Sisemi ichapishwe siku ileile. Vita vina siri zake. Iandikwe. Leo hata hilo halipo.

Serikali zinaanza kuamka kwa namna nyingine. Umoja wa Ulaya ulitia saini mkataba wa mfumo wake wa IRIS² Desemba 2024, setilaiti zipatazo 290. China inajenga yake. Sifurahii sana, nakiri. Visima vingi ni bora kuliko kimoja, lakini kama kila kisima kitachanganya hospitali na makao ya jeshi, tutakuwa tumeongeza idadi ya shabaha tu. Kutenganisha ndiko kunakohitajika: jeshi liwe na mfumo wake, raia wawe na wao. SpaceX yenyewe ina mfumo wa kiserikali uitwao Starshield, kwa hiyo hawawezi kusema haiwezekani. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu nayo inatafiti alama ya kidijitali, mfano wa ule msalaba juu ya gari la wagonjwa, itakayomwambia mdukuzi: hapa ni hospitali, pita mbali. Mdukuzi mwovu atapita kati. Lakini siku ya mahakama hatasema hakujua.

Na ninyi mnaokwenda huko? Msiende na njia moja. Mkongo ukiwapo utumieni, mnara ukiwapo utumieni, redio za masafa marefu msizidharau, setilaiti iwe ya akiba, tena ya kampuni mbili tofauti mkiweza. Someni mkataba wa huduma kabla ya kusaini, hasa kifungu cha kusitisha. Nimesoma kadhaa. Vingi vinampa mwenye huduma haki ya kusitisha wakati wowote bila kueleza sababu. Ombeni notisi ya siku kadhaa kwa huduma za kibinadamu. Mtakataliwa. Ombeni tena, mkiwa mashirika hamsini pamoja.

Hapo ndipo nilipoishia, nikakaribisha maswali. La kwanza lilitoka kwa dada mmoja muuguzi, na naliandika hapa kwa sababu wengi waliniomba jibu lake.

Aliuliza: “Kaka, kwa uliyosema, dishi la hospitali yetu tulishushe?”

Nikamjibu: Msilishushe. Lisogezeni mbali na wodi kadiri waya unavyoruhusu, lisikae juu ya vichwa vya wagonjwa. Lizimeni wakati halihitajiki. Na nenosiri libadilishwe.

Akasema: “Nenosiri analo mganga mkuu, na wanajeshi wa geti wanalo. Waliomba ili wawasiliane na nyumbani. Tungewanyimaje?”

Ukumbi ulinyamaza. Nikamwambia hilo ndilo la kuamua leo, kabla ya usiku ambao wataliomba kwa kazi nyingine. Waandikieni mkuu wao barua, yeye, si wale vijana wa geti, mwambie dishi lile ni la wagonjwa na kwa nini. Wanajeshi wapewe njia nyingine ya kuongea na nyumbani. Na karatasi ibandikwe karibu na modemu yenye jina la mtu mmoja atakayejibu hapana, awe anajua mapema kwamba ni yeye.

Aliandika yote, kisha akauliza kama jina hilo linaweza kuwa lake.